Kupunguza Wafanyakazi kwa Haki: Jambo Linalotuhusu Sote



Katika parokia zetu za Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, familia nyingi zinaishi kwa sangara. Wapo wanaovua, wapo wanaokata minofu viwandani, na wapo akina mama wanaokaanga mapanki. Kiwanda kinapopunguza watu, ada ya shule, kodi ya chumba na biashara ya jirani huyumba pamoja.

Hali hiyo imetupata zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Mwaka 2008 na 2009 mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipunguza mahitaji ya minofu. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha ndege zinazobeba minofu kwenda nje. Mkata minofu hakuwa na kosa katika lolote kati ya hayo. Mara nyingi mwajiri naye hakuwa na la kufanya. Je, haki inapatikana wapi? Inapatikana katika namna watu wanavyopunguzwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, lakini kwa utaratibu:

• Atoe taarifa ya kusudio lake mapema, pamoja na maelezo ya hali halisi.
• Ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Ujauzito au uanachama wa chama cha wafanyakazi si kigezo.
• Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 au zaidi.
• Aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi mfululizo alipwe kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mwenye mshahara wa msingi wa sh. 10,000 kwa siku, aliyetumikia miaka 6, atapata sh. 420,000.
• Apewe pia malipo ya likizo yake na cheti cha utumishi.

Mashauriano hayo yafanyike kabla uamuzi haujapitishwa. Kuwaita watu kuwasomea orodha iliyokwisha kuandikwa si kushauriana.

Vibarua je?

Hapa ndipo penye kidonda. Anayelipwa kwa siku, notisi yake ni siku 4 tu. Mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Lakini wapo wanaoitwa vibarua huku wameingia lango lile lile kwa miaka. Wakiwa na kumbukumbu za siku walizofanya kazi, wanaweza kudai haki zao. Wasipokuwa nazo, madai yao huwa magumu kuthibitisha.

Tuangalie pia nyumba yetu

Sisi mashirika ya kanisa nasi ni waajiri. Ufadhili wa mradi ukiisha, dereva, mhasibu na mhamasishaji huaga. Sheria haikutusamehe kwa kuwa tunafanya kazi ya Mungu. Tunawaomba wafadhili wetu wakubali mafao ya wafanyakazi yawemo katika bajeti tangu mwaka wa kwanza, yasisubiri fedha zitakazobaki.

Kamati ya parokia ifanye nini?

Kwanza, wahimizeni waumini kutunza mikataba, hati za mishahara na kumbukumbu za siku za kazi. Pili, wakumbusheni kuwa anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza. Wengi huchelewa wakisubiri ahadi. Tatu, ongeeni na waajiri waliomo parokiani kabla mambo hayajaharibika.

Papa Leo wa XIII alifundisha mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, kwamba mfanyakazi si chombo cha kuzalishia fedha. Mtume Yakobo naye aliwaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Uchumi ukishuka tunaweza kukosa kazi za kuwatosha wote, lakini ukweli na malipo halali havipaswi kukosekana.