Mlango wa Uani wa Chuo Kikuu

Kijana wa California aliyemaliza sekondari kwa alama za kutia haya, ambaye jina la chuo cha Berkeley likitajwa mbele yake huinamisha kichwa, hana sababu ya kukata tamaa. Kwani tangu jimbo hilo lilipotunga mpango wake mashuhuri wa elimu ya juu mwaka 1960, vyuo vya jamii vimekuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kusoma, wala havijali cheti chake kilivyo dhaifu. Humo hukaa takriban miaka miwili, akakusanya krediti 60, kisha huomba kuhamia Chuo Kikuu cha California, aingie mwaka wa tatu. Na ajabu yake ni kwamba wapimaji hutazama alama za chuoni, zile za sekondari zikabaki zimezikwa zilipo. Wako wauitao huu mlango wa uani, nami sioni kosa, maana wa uani ndio wapitao wenyeji. Kampasi 6 za chuo kikuu hicho, Davis na Irvine zikiwamo, hata huahidi nafasi kwa atimizaye masharti. Berkeley na Los Angeles hazitoi ahadi hiyo. Ila asiizembee hesabati: pasipo kozi moja ya fani hiyo na mbili za insha ya Kiingereza, ombi lake halifiki mbali.