Simu Mkononi mwa Mwanafunzi

Fungu letu ni 1 Wakorintho 6:12, ambapo mtume Paulo afundisha kwamba jambo laweza kuwa halali na bado lisifae, naye hakubali kutawaliwa na kitu cho chote.

Twakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya Korona. Masomo yalikuja kwa redio, kwa televisheni na kwa YouTube, na walimu wengi walituma kazi kwa WhatsApp. Mama mmoja wa ushirika wetu aliuza kuku wawili anunue bando, ili mwanawe wa kidato cha tatu apate kusoma. Na kweli kijana alijifunza hesabu.

Lakini siku moja alitujia na siri. Alikuwa akianza somo la kemia saa mbili usiku, na saa saba yu macho bado, akitazama mpira na vichekesho. Asubuhi mama huuliza, "Umesoma, mwanangu?" Naye hujibu, "Ndiyo, mama." Jibu hilo ndilo lililomuuma.

Je, tumlaumu yeye peke yake? YouTube, TikTok na Facebook hupata fedha nyingi kwa matangazo ya biashara. Kadiri tukaavyo tukitazama, ndivyo tunavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi. Kwa hiyo programu hukumbuka tulichokitazama, hutuchagulia kingine kifananacho nacho, na mara nyingi hukianzisha kabla hatujaomba. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Hata mazungumzo haya yatakwisha punde. Lakini ukurasa wa simu hauishi. Mwisho hatuna budi kuuweka sisi wenyewe.

Wala tusiseme kwamba burudani ni dhambi. Mungu aliyetupa kazi ametupa na pumziko, na kucheka na rafiki aliye mbali ni jambo jema. Ila pumziko la kweli humwachia mtu nguvu mpya. Lile lililomnyang'anya kijana wetu usingizi halikuwa pumziko.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwanafunzi aandike swali lake katika karatasi kabla ya kufungua simu, na akiisha kupata jibu aifunge. Pili, azime ile sehemu inayoanzisha video nyingine yenyewe. Tatu, burudani iwe na saa yake, na usiku simu ilale sebuleni. Zetu sisi wazazi na wachungaji nazo zilale huko huko, maana mtoto hawezi kuyashika maneno yetu huku akituona tukisoma ujumbe wakati wa chakula.

Kijana yule alimwambia mama yake kweli. Mama hakumnyang'anya simu. Jioni aliketi karibu naye, yeye akishona, kijana akisoma, hata somo likaisha. Ndugu msikilizaji, ni nani nyumbani mwako anayehitaji mtu wa kuketi karibu naye jioni ya leo?

Bwana atusaidie kuzitumia simu zetu, wala zisitutumie sisi. Amina.