Timu Ikikosa Nyota Wake, Hubaki Nini?

Nakuandikia kutoka huku Nyeri kwenye baridi, ambako mtu huvaa sweta mbili na bado meno yakagongana. Hebu kaa kitako tuzungumze habari za mpira wa kikapu. Usiogope hata kama hujawahi kuushika mpira wenyewe. Mimi pia katika timu ya shule sichezi. Kazi yangu ni kuketi mwisho wa benchi na kuandika alama katika daftari.

Ubishi ulianzia bwenini muhula wa kwanza, usiku baada ya masomo ya jioni. Jamaa anayelala kitanda cha juu yangu ana kofia nyekundu ya Chicago Bulls aliyoachiwa na mjomba wake. Mjomba huyo aliinunua kwenye mitumba, sokoni Karatina, enzi zile kila kijana alipotaka kuruka kama Michael Jordan. Basi jamaa akatangaza kwamba Bulls ilikuwa Jordan peke yake, na wale wengine walikuwa wanabebwa tu kama mizigo. Mwingine akarukia, "LeBron je? Mwondoe LeBron uone kama kuna timu!" Kelele zikapanda mpaka kiranja akaja kuzima taa. Mimi nikabaki gizani nikiwaza. Tukiwatoa nyota wote, tukawaacha wale wengine peke yao, timu ipi ingekuwa bora? Na je, kuna njia ya kujua, ama ni domo tu?

Njia ipo. Kuna misimu ambayo nyota aliondoka kweli, na rekodi zimeandikwa. Nilizisoma juma zima katika chumba cha kompyuta (mwalimu wa Hisabati asiposoma makala haya nitashukuru, kwani zoezi lake lilichelewa).

Kwanza nikiri kosa langu. Nilianza kwa kutoa. Msimu wa 1992/93 Jordan alifunga wastani wa pointi 32.6 kwa mechi, na Bulls nzima ilifunga kama 105. Nikatoa, nikabaki na 72. Kwa pointi 72 huwezi kumshinda mtu yeyote katika ligi ya NBA, kwa hiyo nikaona jamaa wa kofia ana haki. Kumbe hesabu hiyo ni ya uongo! Jordan alikuwa akitupa mpira kapuni karibu mara 26 kwa mechi. Akiondoka, mitupo hiyo haiendi naye nyumbani. Ni kama stendi ya magari hapa Nyeri: dereva mmoja wa Nanyuki akiugua, abiria hawatoweki, watapanda matatu nyingine. Swali ni kama hiyo nyingine itaupanda mlima ikiwa imejaa hivyo.

Sasa tazama ilivyokuwa. Jordan alistaafu mwezi wa Oktoba 1993, baada ya Bulls kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Msimu aliouacha timu ilikuwa imeshinda mechi 57 kati ya 82. Msimu uliofuata, bila yeye, ilishinda 55. Mechi mbili tu pungufu! Pointi za kufunga zilishuka kutoka 105 hadi kama 98, yaani saba, wala si 33. Na wapinzani nao walibanwa zaidi, wakafunga kama 95 badala ya 99.

Nani walifanya kazi hiyo? Scottie Pippen alifunga wastani wa 22. Horace Grant alikuwa mwindaji wa mipira inayogonga chuma na kurudi, na B.J. Armstrong alitupa kutoka mbali. Wote watatu waliitwa katika mechi ya nyota wa ligi mwaka 1994. Toni Kukoc wa Kroatia alikuwa amewasili, Steve Kerr naye alikuwa mgeni. Nafasi ya Jordan mwenyewe alipewa Pete Myers, jina ambalo bwenini hapakuwa na hata mmoja aliyelijua. Myers hakufikisha hata pointi 10 kwa mechi. Mgala muue na haki yake umpe: hakuombwa awe Jordan, aliombwa asimame mahali pake tu.

Hapo kwenye kusimama ndipo penye siri. Kocha Phil Jackson na msaidizi wake Tex Winter walifundisha mchezo wa pembetatu. Wachezaji watatu husimama upande mmoja kwa umbo la pembetatu, wawili hubaki upande wa pili. Mwenye mpira hana amri ya kukariri. Anamtazama mlinzi, mlinzi akifunga njia hii anapita ile, na wenzake wanne wanajua tayari waende wapi. Timu iliyozoea hivyo ikipoteza mtu mmoja, hata awe mkubwa vipi, pengo lake linajulikana lilipo na mwingine anaingia.

Lakini ngoja, usikimbilie kupiga makofi. Nilipotazama vizuri niliona kwamba Bulls ya Jordan iliwashinda wapinzani kwa wastani wa pointi sita hivi kwa mechi, na ile isiyo na Jordan kwa pointi tatu tu. Idadi ya ushindi ilikaribiana, lakini nguvu yenyewe ilikuwa imepungua karibu nusu. Kutazama idadi ya ushindi peke yake ni kama kumpima mwanafunzi kwa kuuliza tu alipita ama alianguka. Aliyepata 51 na aliyepata 80 wote wamepita.

Tena kuna jambo lisiloonekana katika hesabu. Mwezi wa Mei 1994 Bulls walikuwa wakipambana na New York Knicks katika mechi za mwondoano. Mechi ya tatu, alama 102 kwa 102, zimebaki sekunde 1.8. Kocha akapanga mtupo wa mwisho upigwe na Kukoc. Pippen, ambaye kwa msimu mzima ndiye aliyebeba timu, akakasirika akakataa kuingia uwanjani. Kukoc akatupa, ukaingia, 104 kwa 102. Walishinda mechi ile bila Pippen uwanjani, lakini mfululizo mzima wakashindwa nne kwa tatu. Kwa hiyo nyota akiondoka kiti chake hakikai kitupu. Kuna mtu anayekiangalia, na pengine anadhani ni chake.

Baadaye mwaka huo Grant akahamia Orlando, na hapo ndipo benchi ya Bulls ilipoumia. Walishinda 34 wakapoteza 31, mpaka Jordan aliporudi Machi 1995. Na baada ya msimu wa 1997/98, Jordan, Pippen, Dennis Rodman na kocha walipoondoka wote, msimu uliofuata (ulikuwa mfupi, mechi 50) Bulls walishinda 13 tu. Nyota aliyeondoka ni yule yule wa 1993. Kilichobadilika ni wale aliowaacha nyuma.

Lakers sitakaa nao sana: Magic Johnson aliacha kucheza Novemba 1991, wakashuka kutoka ushindi 58 hadi 43. Si haba. Lakini Cleveland, maskini! Mwaka 2010 LeBron James alihama baada ya msimu wa ushindi 61. Uliofuata walishinda 19. Akarudi 2014, akahama tena 2018, wakatoka 50 wakashuka hadi 19 tena. Kumi na tisa ile ile! Bweni zima lilicheka. Lakini si kwamba waliobaki hawakujua mpira. Walichaguliwa wasimame pembeni wangoje pasi ya LeBron, na mpikaji akiondoka waliozoea kuandaliwa meza hubaki na sahani mikononi.

San Antonio ndio walionifundisha tahadhari. Msimu wa 1995/96 walishinda mechi 59. Uliofuata nyota wao David Robinson aliumia akacheza mechi sita tu, timu ikashinda 20. Ukiishia hapo utasema benchi yao ilikuwa bure. Lakini Sean Elliott naye alikosa zaidi ya nusu ya msimu kwa kuumia. Sasa lawama utampa nani? Hata Cleveland ya 2010 ilibadilisha kocha na wachezaji kadhaa mwaka ule ule. Ndiyo maana nikiulizwa nasema Bulls ya 1993/94 ndiyo iliyokuwa na wasaidizi bora, Lakers wanafuata, Cleveland mkiani. San Antonio nimewaweka kando, kesi yao haina ushahidi safi.

Na hapa kwetu? Kenya iliandaa mashindano ya Afrika Nairobi mwaka 1993 ikamaliza ya nne, kisha ikakaa miaka 28 bila kufuzu. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74 kwa 73. Kila mtu anakumbuka mtupo wa mwisho wa Tyler Ongwae. Mimi hupenda kuwauliza watu: na wale waliowazuia Angola wasifikishe 74, unawajua majina?

Sababu ya kuuliza hivyo iko hapa shuleni. Juma la pili la Februari nahodha wetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hakuna aliyetuambia atarudi lini. Katika mechi ya kwanza bila yeye niliandika jambo ambalo daftari langu halina safu yake: mara nne mpira ulipigwa kuelekea mahali anapopenda kusimama, pale kona ya kushoto. Hapakuwa na mtu. Ukatoka nje, ukaingia kwenye matope. Tulipigwa vibaya. Usiku ule hakuna aliyebishana bwenini, hata mwenye kofia.

Mechi ya pili nikachora safu mpya. Sikuandika mfungaji tu. Niliandika aliyetoa pasi, aliyedaka mpira uliorudi, aliyemzuia mtu mrefu wao. Kijana mmoja mfupi wa kidato cha pili, ambaye hakufunga hata pointi moja, jina lake lilijaa ukurasa mzima. Kocha aliuona ukurasa ule akaomba kukaa nao. Mechi ya tatu yule mfupi alianza, na tukashinda.

Nahodha alirudi baada ya majuma matatu. Mamake alikuwa ameuza ndama. Akaingia uwanjani, akaenda kona yake, akanyosha mikono, na mpira ukapita upande wa pili. Ukapita tena. Wenzake hawakumnyima kwa ubaya, walikuwa wamezoea njia nyingine. Mapumziko yalipofika alikuja kwangu akafungua daftari, akapekua kurasa zile tatu polepole. Kisha akamgeukia kocha, "Mwalimu, sasa mimi nisimame wapi?"

Kocha alichukua kipande cha chaki akaanza kuchora kwenye saruji. Manyunyu yalikuwa yakianza, mistari ikafutika, akachora tena. Fainali ya kaunti ndogo tulishindwa kwa pointi mbili, na nahodha ndiye aliyetoa pasi nyingi kuliko wote. Daftari lipo. Anayetaka kubisha aje kitanda cha chini, karibu na mlango, kabla kiranja hajazima taa.