Fahamu: Je, injini ndogo yenye turbo inafaa huku Amukura?

Ukitoka Amukura kwenda Malaba, mtihani wako ni kulipita lori la masafa marefu lililosheheni mzigo. Hapo ndipo turbo inapoonyesha kazi yake.

Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha ya kwanza, ya pili husukuma hewa zaidi ndani. Toyota C-HR ya cc 1,200 hutoa msokoto wa nyutoni-mita 185 kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika. Injini ya 1NZ ya cc 1,500, tuliyoizoea kwenye Probox, hutoa karibu 140, tena hadi uikanyage ipite mizunguko 4,000. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Turbo hufidia pengo hilo.

Tatizo ni oili. Ekseli ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na utando mwembamba tu wa oili ndio unaoitenga na chuma. Oili ya bei rahisi huungua ikaacha masizi. Kwa hiyo tumia sintetiki halisi, na baada ya safari ndefu iache injini ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Ukitaka Golf ya cc 1,200, nayo yenye turbo, chagua kizazi cha saba chenye mkanda wa taimingi. Cheni ya kizazi cha sita ilijulikana kwa kulegea.

Kwa kubeba abiria mchana kutwa, mimi ningebaki na 1NZ: kila fundi anaijua.