Nadai Kuhama, Lakini Nadaiwa

Saa nane usiku, kwa ploti yetu hapa Zimma, meko ndio huchoma. Godoro haina kelele, nguo ziko kwa gunia, lakini ile mtungi ya kilo sita ikigonga ngazi kutoka floo ya nne, ploti mzima inajua kuna msee anaingia mitini. Unaskia slipa zikikimbia. Unaskia mtoi akinyamazishwa. Pikapu inasukumwa hadi kwa kona ndio iwashwe. Asubuhi keretaka anasimama mbele ya keja iko wazi, mikono kiunoni, akihesabu misumari zenye zimebaki kwa ukuta kaa mtu ameachiwa urithi.

Mwaka huu nimeskia meko tatu. Ya tatu ilinipata macho, juu mi pia nilikuwa nimeanza kupima hizo ngazi.

Sheng iko na neno moja hunichezea. Kwetu mtaani, kudai ni kutaka: "Nadai chapo mbili na ndengu." Sasa mi nadai kuhama, na nadaiwa. Ni silabi moja tu imekuja kujikalia hapo mwisho, lakini ndio hunitoa usingizi.

Wacha niwashow ukweli wote. Nauza kava na chaja kwa kibanda ya mtu Luthuli, mshahara ni 24,000. Bedsita yangu ni 11,000. Hapo tu ushaona shida: karibu nusu ya wera yangu inalipa ukuta. Apu mbili za mkopo zinanidai 9,000. Fuliza ni 3,500. Beshte yangu wa hai skuli ananidai 5,000, zile za "nisort, nitakurudishia Friday," na sikusema Friday ya mwezi gani. Chama yetu ni 6,000, juu nilikula raundi yangu alafu nikaanza kuchelewesha za wenzangu. Duka ya chini ya ploti ni 1,850, iko kwa kitabu ya kava nyekundu, na hapo sina ata jina, nimeandikwa "Kijana wa 4B." Jumla ni ngiri ishirini na tano, soo tatu na finje. Renti pekee ndio sijawahi lala nayo.

Ukiuliza maboyz, utapata jibu mbili. Wa kwanza atakushow huwezi hama na deni, lipa kwanza. Wa pili atakushow uchomoke usiku, uanze upya. Wa kwanza hajui nikibaki hapa sitawahi lipa, juu hii keja yenyewe ndio inanikopesha. Wa pili nilimwamini kwa wiki moja hivi.

Deni za simu, deni za sura

Jioni moja mat ya 44 ilikwama Roysambu, mvua inanyesha, konda ashapandisha nauli, nikaanza kupanga hizo deni upya. Sikuzipanga kwa ukubwa. Nilijiuliza tu: nikihama, hii itabaki ama itanifuata?

Za simu zinafuata. M-Shwari ilianza 2012, Fuliza ikaja 2019, na hapo katikati apu zikamea kaa sukuma za wakati wa mvua. Hakuna moja inajali unalala wapi. Zinajua namba na kitambulisho, basi. Ukitoka Zimma uende Ruiru, zinahama na wewe na hazilipi nauli. Ukizilenga, jina yako inaweza kupelekwa CRB, na ata ukishalipa, ile rekodi mbaya inakaa miaka tano. Kitambo walikuwa wanapigia hadi mathe yako ocha. Tangu kanuni za Benki Kuu za 2022, mkopeshaji wa simu haruhusiwi kupigia watu wako kwa fonbuku ndio akuaibishe. Hiyo ni poa, lakini deni yenyewe iko hapo tu, inanenepa.

Alafu kuna za sura: beshte, chama, duka. Hizi ndio msee huhepa usiku, juu ndio ziko na macho. Kitabu ya duka haikutumii meseji saa kumi na mbili asubuhi. Jamaa wa duka huangalia tu mkono wako ukipita, acheki kaa umebeba sukari ya duka ingine. Hiyo sura huuma kuliko meseji.

Lakini cheki vile hizi za sura zimekaa. Ya duka, 1,850 ya mwezi jana, leo bado ni 1,850. Beshte hajaniongezea ata bob. Chama inanidai 6,000, na mwaka ujao itanidai 6,000 na matusi kiasi. Kwa hivyo msee akichomoka saa nane usiku anahepa wale hawamkati, anabeba wale wanamkata. Anaacha nyuma mtu pekee hii Nairobi anaweza kumpea unga na nusu ya sukari bila kuuliza PIN. Kwa ploti mpya hakuna kitabu inamjua, na mgeni akisota hukimbilia simu. Ndio maana wale wa meko usiku huhama tena baada ya miezi sita. Hawajawahi punguza deni, wamemada tu wasee wa kuwaamini.

Hapo nikaachana na ngazi za usiku. Ile ya kuhama sikuachana nayo.

Hesabu ya nyuma ya risiti

Nilichukua risiti ya tokeni za stima, nikageuza, nikaandika.

Beshte mmoja alikuwa ananisukuma Kitengela, kuna kakeja ya 5,000. Kwa renti pekee nasevu ngiri sita, unaona ni kaa umeomoka. Lakini mi nashuka tao kila siku isipokuwa Sunday. Nauli yangu ya sasa ni 60, huko ni 150 saa ya rashi. Hiyo ni 90 zaidi asubuhi na 90 zaidi jioni, mara siku 26: 4,680 kwa mwezi. Ile ngiri sita imebaki 1,320. Nimehama kaunti mzima ndio nipate bei ya kiatu ya Gikomba.

Ruiru nikapata bedsita ya 6,500. Nauli ni 100, kwa hivyo naongeza 40 kwenda na 40 kurudi, 2,080 kwa mwezi. Renti inashuka na 4,500. Nabaki na 2,420. Hiyo ni pesa unaweza kushika.

Alafu nikaandika pesa zenye zitapotea kabisa nikihama. Pikapu ni 3,000. Rangi ni 2,500, juu lando wa Zimma hukata depo ya kila mtu kwa jina ya rangi, ata kaa ukuta uliukuta ukiwa na ramani ya mtoto wa mwingine. Jumla ni 5,500. Gawanya na ile 2,420: miezi mbili na kitu kidogo. Kutoka mwezi wa tatu, kila mwezi ni faida. Kitengela ingenichukua zaidi ya miezi nne kurudisha hiyo tu 5,500, na mvua moja mbaya ya nauli kuongezwa inaharibu kila kitu.

Hii ndio hesabu sijaskia mtu akifanya kwa baze. Wasee huuliza renti ni ngapi. Hawaulizi kuhama kutajilipa lini. Na kuna yule wa upande ule mwingine, ako na deni kaa yangu na anadai kuhamia Ruaka juu ya balkoni na picha. Huyo sina hesabu yake. Huyo anakopa sebule.

Pale kati ya funguo mbili

Sasa noma yenyewe. Lando mpya anataka pesa kabla akupee funguo. Lando wa zamani anarudisha depo baada ya wewe kurudisha funguo yake. Hapo katikati kuna pengo ya wiki mbili hivi, na hiyo pengo ndio huzaa deni mpya.

Ya kwangu ilikuwa hivi. Ruiru walitaka renti 6,500, depo 6,500 na ya maji 1,000. Ukiongeza pikapu inafika 17,000. Depo yangu ya Zimma, baada ya rangi, ni 8,500, lakini hiyo iko mbele. Msee wa kawaida hapa hufungua apu ya tatu, na ameanza maisha mpya na deni imezidi ile alitoka nayo.

Mi nilienda kubonga. Kwanza nilipea keretaka notisi ya mwezi mmoja, kwa karatasi, nikapiga picha. Nikauliza kaa depo inaweza kulipa mwezi wa mwisho. Lando akakataa. Sawa, kuuliza hakulipishwi. Nikaenda Ruiru nikabonga na mathe mwenye ploti. Nikamshow siezi lipa depo yote mara moja, nitagawa mara mbili. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akaniuliza nafanya wera wapi, akakubali. Hiyo ikashusha pesa ya kuingia hadi 13,750, na pikapu ikiwa ndani.

Hapo nikagundua kitu. Mwisho wa mwezi ningelipa 11,000 ya Zimma kaa kawaida. Kwa hivyo pengo yangu halisi ilikuwa 2,750 tu. Ile wufa yangu, yenye majirani walikuwa wameichukia miaka mbili, ikaenda kwa msee wa 3B na 3,000. Jirongo sita safi, zile noti zilibeba hilo jina tangu kampeni za 1992. Pengo ikafungika bila apu.

Rada ingine moja. Kaa uko na Fuliza, usikubali depo irudi kwa simu kabla ujipange. Pesa ikiingia M-Pesa, inalipa Fuliza kwanza. Ndio vile hiyo huduma inafanya kazi, na ulikubali ukijiunga. Unaeza kuwa umesimama kwa geti mpya ukingoja 8,500 ya kumalizia depo, meseji inaingia, na imebaki 5,000. Omba keshi, ama lipa Fuliza mapema.

Na kaa renti yenyewe ndio imelala, stori inabadilika. Sheria ya Distress for Rent, ile Cap 293, inampea lando njia ya kutuma dalali mwenye leseni ashike vitu zako juu ya renti. Hapo usianze kutafuta keja. Bonga na lando kwanza, mwandikiane vile utalipa. Tivi ikienda mnada haikupunguzii deni kwa bei ulinunua nayo.

Na kaa wera yako ni ya leo iko kesho haiko, usifunge mkataba na nauli. Bora singo ya karibu yenye unaweza kutembea hadi tao mambo ikikataa.

Saa nne asubuhi

Nilihama Saturday, saa nne asubuhi. Nilikuwa bado nadaiwa na kila mtu, hakuna ata moja nilikuwa nimefuta. Meko iligonga ngazi vile vile, lakini hii mara keretaka ndio alikuwa ameishika upande wa chini, akinikanya nisimwangushie kwa mguu. Majirani wakachungulia. Mtoi wa 2A akauliza kaa naacha paka, na sina paka.

Nilipita dukani mbele ya watu. Nikamshow jamaa, "Naenda Ruiru, bado niko na yako 1,850, nikirudi kuchukua depo nakulipa." Akachukua biro, akaandika Ruiru kando ya Kijana wa 4B, akarudi kupimia mtu mafuta ya finje. Beshte nilimpigia, nikampea tarehe, hii mara na mwezi. Kwa chama nikaambiwa maneno. Nikaskiza yote, juu walikuwa sahihi.

Baada ya wiki mbili nikarudi Zimma. Keretaka akanihesabia 8,500 mkononi. Nikatenga 3,250 ya nusu ya depo ya mathe wa Ruiru. Nikapeleka 1,850 dukani. Ile 3,400 nikarusha kwa Fuliza, ikabaki soo moja na vijiada vyake, nikamalizia jioni. Kwa za simu, apu mbili ndio bado, na sasa ziko na 2,420 ya kila mwezi inazikimbiza.

Jamaa wa duka alipiga laini kwa jina yangu, akafunga kitabu. Nikamshow angeng'oa tu hiyo karatasi, si nishahama.

"Wacha ikae," akasema. "Huko Ruiru hawakujui."