Franka ilipe mawe, dola inunue manjanja

Toka moto wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, swali moja linarudi kila mara katika mikutano yetu: Leta ikona mashini ya feza, sababu gani haitujengee nyumba? Kule Buhene familia za wachimbaji zilibakia na jiwe jeusi tu kwenye kiwanja, na wengine hadi leo wanalipaka kodi kwa watu.

Swali si la kijinga. Feza ya Leta haitoki kwa ushuru wetu peke yake. Banki Kuu inaweza kuandika hesabu kwenye konti ya Leta, na feza imezaliwa, hata noti moja haijachapwa. Serikali zilitumia sana avansi hiyo, nasi tulikuwa watoto tulipoona matunda yake. Mwisho wa 1992 Mobutu alitoa noti ya zaire 5.000.000. Étienne Tshisekedi, waziri wa kwanza, akasema haina kazi, wauzaji wa Kinshasa wakaikataa, na mwezi wa kwanza 1993 askari waliolipwa nayo wakaanza kupora. Mwezi wa munane 2020 serikali na Banki Kuu walitia sahihi mapatano: avansi zisimame.

Hatuombi zirudi. Lakini tuangalie nyumba yenyewe. Jiwe liko chini ya miguu yetu (volkano ilituletea bure), mbao zinashuka toka Masisi, vijana wenye kujua kujenga wanashinda barabarani bila kazi. Hivyo vyote vinalipwa kwa franka. Manjanja, misumari na simenti nyingi vinapita mpaka, na mwenye duka anahesabu dola. Leta ikizalisha franka kwa kununua manjanja, inapandisha dola tu. Unga na sabuni vinafuata, na malipo yetu ya shimoni yanabaki palepale.

Dola inatoka kwenye madini. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50% kwa Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa sheferi, sekta ao komini ya machimbo, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 25% ya kasiterite ya Bisie, kule Walikale, tunataka itangazwe: iliingia ngapi, ilienda wapi. Sehemu yake inunue manjanja. Bajeti ya franka ilipe fundi na mawe.

Mama, baba, mulio poteza nyumba: muje na karatasi ya kiwanja kwenye mkutano wa siku ya posho. Tunaandika lista ya kupeleka jimboni.