Nani Atamwambia Dereva?

Matatu imetoka Nakuru, abiria 14, inaelekea Nairobi. Karibu na Gilgil dereva anachomoka kwenye msafara, analipita lori la kwanza, analivamia la pili, na kona iliyo mbele haionyeshi kinachokuja. Wote ndani wameona. Mmoja amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, mwingine amefumba macho anasali. Hakuna anayesema neno. Wakishafika ndipo kila mmoja atamsimulia mwenyeji wake jinsi yule dereva alivyotaka kuwaua.

Ukimya huo uliwavutia wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani: James Habyarimana na William Jack. Sisi tumezoea kuuita woga. Wao waliona hesabu ndani yake. Atakayefungua kinywa anaibeba aibu peke yake: makanga atamwambia kama anaogopa ashuke akapande ndege, na wenzake watageukia dirishani kana kwamba hawamjui. Lakini dereva akipunguza mwendo, faida ni ya wote, hata ya walionyamaza. Basi kila mtu anamngoja mwenzake aanze, na gari linazidi kukimbia.

Dawa waliyoijaribu ilikuwa stika. Walichukua matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu na kubandika ndani maneno ya kumhimiza abiria asikae tu, amkemee dereva anayehatarisha maisha yake. Baadhi zilikuwa na picha za majeraha ambazo hutaki kuzitazama kabla ya chakula. Matatu nyingine ziliachwa bila kitu ili pawepo pa kulinganisha. Na kwa kuwa dereva hana sababu ya kulinda maandishi yanayomchongea, iliwekwa bahati nasibu ya kila wiki: gari likishinda, stika zikikutwa mahali pake, dereva anapata fedha.

Kilichonivutia zaidi ni walivyopima matokeo. Hawakuridhika na kuwauliza watu kama stika zimewapendeza. Walikwenda kwenye kumbukumbu za bima, ambako ajali huandikwa kwa sababu mtu anadai fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalishangaza. Bila stika, madai ya bima yalikuwa takriban 10 kwa kila matatu 100 kwa mwaka. Kwenye zenye stika yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili, na madai yaliyohusu majeruhi au vifo yalipungua kwa angalau nusu.

Mtu mwenye akili timamu atauliza kama si bahati tu. Watafiti wakarudia, safari hii kwa magari 12,000. Matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa madogo zaidi: madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi, sawa na ajali 140 pungufu kwa mwaka kuliko zilizotarajiwa. Mimi nayaamini zaidi haya ya pili. Jambo linalofanya kazi kwa magari elfu moja yanayosimamiwa kwa karibu mara nyingi hupungua nguvu likipelekwa kwa elfu kumi na mbili, na mtafiti anayekubali kulichapisha hivyo hivyo anastahili kusikilizwa. Mwaka huo huo kampeni ikawa ya kitaifa kwa jina la Zusha, ikishirikiana na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA.

Jaribio hilo la pili lilikuwa na mengine ya kujifunza. Stika zilizowahimiza abiria kupaza sauti kwa pamoja zilifanya vizuri hasa. Kampeni ya redio iliyoandamana nazo haikuonyesha athari yoyote katika madai ya bima, jambo ambalo wanaopenda kugharamia matangazo wangelitafakari kidogo. Ujumbe wa redio humkuta mtu jikoni kwake. Stika humkuta gari likiwa linayumba, na jirani yake akiisoma pia, kwa hiyo anayesema hasemi peke yake tena.

Na mwendo? Matatu zenye stika zilipunguza kilomita 1 hadi 2 tu kwa saa. Msomaji anaweza kucheka. Lakini Göran Nilsson wa Sweden alionyesha zamani kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Kwa gari linalokwenda 60, kilomita 2 ni zaidi ya asilimia 3. Sidhani hata hivyo kwamba mwendo pekee unaeleza robo nzima ya ajali zilizoepukwa. Nadhani sehemu kubwa ni ule uamuzi wa mara moja, kulipita lori au kutolipita, ambao wastani wa kilomita hauwezi kuuonyesha.

Stika hailipi hesabu ya tajiri, hata hivyo. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni; kinachobaki baada ya hapo na baada ya mafuta ni cha dereva na makanga. Kila safari ya ziada ni yao. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kusimamiwa kwa nguvu mwezi Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda na mstari wa njano, na zilitaka pia wahudumu wa matatu waajiriwe kwa kudumu. Mstari wa njano uliota mizizi upesi. Mshahara hadi leo ni jambo la wachache, na abiria anayesema “dere, punguza” anabishana na chakula cha mtu.

Bodaboda ndiyo inayonitia wasiwasi sasa. Huko abiria yuko peke yake nyuma ya dereva, hakuna wenzake wa kumuunga mkono, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayesema “harakisha, nimechelewa”, kwa kuwa alipanda pikipiki ili akwepe foleni. Programu za simu humruhusu kulalamika, ila baada ya kushuka. Watu wanaotazamana wako kwenye steji, kile Watanzania wanachokiita kijiwe, ambako pana mwenyekiti na waendeshaji wanaojuana kwa majina. Ningeanzia hapo. Steji ni nyingi mno: nusu zinaweza kuwekewa maandishi makubwa yanayowakabili abiria na mwendeshaji kabla injini haijawashwa, nusu nyingine zikaachwa. Bima huenda isitoshe kama kipimo safari hii, lakini hospitali zina rejista za majeruhi wa pikipiki, na kuanzia hapo ni kazi ya kuhesabu tu.